Kwa Mgeni wa Chumba cha Mashariki

Ufunguo unakwama. Vuta mlango kwako kwanza,
ndipo uzungushe. Usiulazimishe;
uliwahi kuvunjika mikononi mwa bwana harusi.

Jana uliniuliza, hata begi hujashusha:
"Huku Hombolo, mtu anafanya nini?"
Nikacheka, nikasema nitakuandikia.
Haya, nimeandika, nyuma ya kalenda ya mwaka juzi,
karatasi nyingine hakuna.

Amka mapema. Si lazima,
ila jua la huku likishapanda halina adabu.
Shuka na njia ya ng'ombe hadi bwawani.
Onja maji kwa ncha ya kidole: yana chumvi.
Mizabibu nayo huionja chumvi hiyo
ikalipiza kwa utamu.
Ukimkuta Chedego akikung'uta nyavu
mwambie "Mbukwa."
Atakucheka lafudhi mpaka akohoe,
kisha atakuuzia perege wawili kwa bei ya ndugu.
Viboko wako ng'ambo. Waache huko huko.

Mchana usifanye kitu.
Hapo ndipo watu wa mjini wanaposhindwa.
Hupanda jiwe kubwa kutafuta mtandao,
simu juu, kama waomba mvua.
Wewe kaa barazani. Tazama kimbunga cha vumbi
kinavyokatiza shamba la uwele
kimebeba kofia ya mtoto fulani,
na mtoto nyuma yake, mbio, hana habari na joto.

Kama zabibu zimeiva, omba mkasi shambani.
Kata kikonyo, usishike tunda.
Kula unavyoweza, mfukoni usitie:
mwenye shamba ana binti bweni,
na kila kilo ni daftari.

Saa kumi nenda kwenye tembe, kwa dada yangu Sechelela.
Utamwona juu ya paa akianua mlenda mkavu.
Atakupa mwiko. Ugali wa uwele ni mzito,
bega litakuuma hadi keshokutwa.
Mlenda utakukimbia vidoleni, utakuchafua kidevu.
Kila mtu ulimchafua kidevu siku ya kwanza.

Usiku kuni ziko nyuma ya tanki.
Fisi atalia; analia mbali kuliko unavyodhani.
Upepo ukitoka kusini
huleta honi ya treni, nyembamba kama uzi,
na mimi huwa nahesabu: hiyo ya kwenda, hiyo ya kurudi.

Sasa lile swali lako la pili.
Kwa nini kitanda ni kifupi.

Nyumba hii kaka yangu Masinjisa aliijenga toka Mererani,
miaka kumi na tisa chini ya ardhi,
saruji ikija mfuko mmoja mmoja
na mimi nikiipanga tofali juu ya tofali
kwa ajili ya mama.
Fundi alimpima kwa kamba akibangua karanga,
hakujua anapimwa.
Akakata mninga sawa na urefu wake,
na mama yetu alikuwa mfupi.

Siku tulipomwonyesha
alikaa ukingoni, akabonyeza godoro,
akatazama dirisha.
"Kioo chote hiki," akasema, "jua litanikuta nimelala."
Akashika fimbo yake, akarudi kwenye tembe,
na huko ndiko alikolala
mpaka ile asubuhi hakuamka.

Masinjisa akasema tupangishe.
Kwa hiyo wewe ni mgeni wa kumi na nne.

Basi bado jambo moja la kufanya huku,
halimo kwenye bei.
Lala. Miguu ikining'inia, iache ining'inie.
Pazia usilifunge.
Na kesho ukiondoka, kitanda usikitandike.
Acha shuka lilivyokunjamana,
acha mto na shimo lake la kichwa.
Nitapita saa tatu na ufagio,
nitasimama mlangoni kwanza,
nitazame kitanda kilicholaliwa.