Mlango Elfu Tatu

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Tetri ishirini, ndipo hupanda.
Juzi ilikula, ikafika ghorofa ya pili,
ikamtapika mama pamoja na viazi vyake.

Majirani wakanitazama mimi, niliyesomea miezi sita:
"Tsiala, tutengenezee kitu cha kuchangishana,
tuone nani katoa na nani kakausha."
Nikasema ni rahisi. Ulimi hauna mfupa.

Saa tatu usiku, Kutaisi, Februari.
Nafungua kompyuta aliyoniachia Malkhazi
alipokwenda Wrocław kupanga masanduku ghalani.
Natengeneza folda. Naiita lifti.
Sijaandika hata mstari mmoja wa kazi
na tayari nina faili elfu kumi na nne:
maktaba zimeita maktaba,
wageni wamekuja na wageni wao,
na mmoja anatangaza mlangoni kwamba amezeeka,
tusimtegemee tena.

Toleo silo. Naondoa, naweka.
Hili lamtaka lile, lile limemsusa hili,
harusi ya koo mbili zisizosalimiana.
Hifadhidata inadai nenosiri
nililolitunga jana nikiwa na akili zaidi.
Na faili ya siri, ile inayoanza kwa nukta,
sikuiweka kabisa:
nimeinjika chungu, moto sijakoka.

Saa sita na robo. Amri ya mwisho.
Skrini yanijibu kwa wekundu:
mlango elfu tatu una mtu.

Una mtu?
Nyumba nzima imelala. Hata jiko la gesi limezimwa.

Dawa naijua. Tulifundishwa wiki ya kwanza:
tafuta namba yake, iue.
Amri yenyewe husema hivyo, ua, bila haya.
Nikaiandika. Kidole kikawa juu ya kitufe.
Kisha nikaona, hapana, hodi kwanza.

Kivinjari. Anwani ya hapahapa nyumbani. Elfu tatu.

Ukurasa mweupe. Kichwa cha buluu
kimeegemea kushoto, hakikunyooshwa:
LIFTI YETU.
Chini yake jedwali la mstari mmoja:
Mama, ghorofa ya nne, tetri ishirini, kalipa.
Na kitufe, "Ongeza jirani,"
ambacho ukikibonyeza
kinakutazama tu.

Miaka mitatu.
Kila kompyuta hii ilipoamka, naye aliamka,
akawasha taa, akaketi nyuma ya mlango
kumngoja mtu abishe.
Nasi mezani tulikuwa tukisema
Malkhazi hakuwahi kuanza kitu.
Mimi ndiye niliyesema.

Nafuta ile amri, herufi moja moja.
Kwenye faili ya nukta nabadili tarakimu:
elfu tatu na moja.
Mlango wa jirani. Ukuta mmoja.

Ikaanza. Kijani.
Ukurasa mtupu, wangu, hauna hata kichwa.

Kule kwao ni saa tatu na nusu.
Nampigia picha jedwali lake, natuma bila neno.
Nukta zinacheza, zinakoma, zinacheza.

"Mabano," anaandika. "Mstari wa arobaini.
Sikufunga mabano. Nilijua tangu nikiwa kwenye ndege."

Halafu, baada ya muda:
"Bado inakula sarafu za mama?"

Inakula, namjibu.
Nafungua faili yake, nateremka hadi arobaini.