Mwaka Gari la Kurekodi Lilipokwama Ndundu

Mjukuu wangu ananisomea kwenye simu:
mwaka fulani, ng'ambo, kijana alilimwagia gita lake mafuta
akalipiga kiberiti mbele ya watu.
Nikamwambia, rudia hapo.
Akarudia.
Mafuta? Sisi mafuta yalikuwa ya kibali,
na gita lilikuwa moja.

Lilivuka Ruvuma mgongoni mwa mtu wa Mueda
aliyetaka debe mbili za mtama na shati.
Shingo imevunjika. Anafi Chiwaula akaiunga
kwa utomvu wa mkorosho, akaikaza kwa mpira wa baiskeli,
akalilaza siku tatu chini ya gunia
kama mgonjwa aliyekatazwa kugeuka.
Waya wa tatu ulikuwa waya wa breki, baiskeli ya Swala.
Ndiyo maana nyimbo zote za Nahukahuka Jazz
zilikuwa na sauti moja inayokwaruza katikati,
na watu wa Masasi wakadhani ni ufundi.

Mimi nilikaa mlangoni, ukumbi wa ushirika, Nachingwea.
Nilichonga mhuri wa muhogo, nyota ya ncha tano,
nikauchovya kwenye wino wa karani
nikawagonga viganjani: wanaume shilingi mbili, wanawake moja.
Usiku ukikolea muhogo ulilegea, nyota ikawa kiwavi.
Asubuhi sokoni ulijua nani alicheza
na nani alimwambia mkewe yuko msibani.

Ikaja barua. Redio inatuma gari la kurekodi,
tarehe kumi na nne, Aprili.
Likomanga wa besi akakopa viatu.
Mchekenje wa tarumbeta akaacha gongo siku tisa,
rekodi yake mwenyewe, hiyo haikuhitaji gari.

Mvua ikawahi. Rufiji ikapanda.
Gari likakwama Ndundu, upande wa pili wa kivuko,
mafundi wakila kambale, wakitazama maji.
Siku ya tano. Ya saba.
Huku bendi ikapiga kila usiku isije ikapoa,
chungu kilichoinjikwa kungoja wageni.

Usiku wa nane jenereta likazimika.
Gita likafa. Besi ikafa.
Ikabaki ngoma ya Nangwawe na sauti ya Anafi,
na watu mia mbili gizani
wakaidaka njia ya gita pale ilipokatikia,
wakaenda nayo, na walipofika kwenye ule mkwaruzo wa breki
wakaukwaruza kwa makoo, wote, mahali pake hasa.
Nilikuwa na kopo la sarafu mapajani.
Sikuhesabu.

Siku ya kumi na moja gari liligeuza.
Wakaandika: barabara haipitiki.
Basi. Maneno mawili.

Anafi alifia Ndanda, hospitalini, ini.
Gita, wanasema, nyuki walihamia ndani yake
huko Chiumbati, na mwenye nyumba akawaachia.

Bibi Somoe, anauliza mjukuu,
kwa hiyo hakuna mahali pa kuusikia?
Kidole chake bado kinapapasa kioo, kinatafuta.

Nilikuwa namenya muhogo wa jioni.
Nikakata kipande, nikachonga; ncha ya tano ikavunjika,
macho siyo yale.
Wino hakuna. Nikachovya kwenye chai ya rangi.
Lete kiganja, nikamwambia.
Wanawake shilingi moja.