Sekunde Tisini

Kabla hajanigusa, Nsubisi hukumbatia kikombe cha chai
kwa viganja vyote viwili,
maana Uyole ya Juni haina huruma,
na mkono wa baridi, anasema, huufanya mwili ujikaze
kama mwenye nyumba aliyegongewa usiku wa manane.

Chumba chake ki nyuma ya mashine ya kusaga.
Ukuta unatetemeka. Unga umetua hata kwenye kalenda.
Nimelala chali juu ya kitanda cha mbao,
mimi Ambakisye, mpakiaji,
miaka kumi na tisa ya viazi vya lumbesa
juu ya bega hili hili la kulia
lililogoma Jumanne
nilipotaka kuvua sweta.

Nilitarajia kuvunjwavunjwa.
Mzee mmoja wa Igoma aliniahidi mlio:
ukisikia ko! umepona.
Niliusikia. Sikupona.

Nsubisi hatafuti mlio.
Kidole chake kimoja kinatembea shingoni
kama mtu anayepapasa viazi vilivyosalia udongoni
baada ya jembe kupita,
mpaka kinalifikia fundo, chini kidogo ya kisogo,
nami natoa neno ambalo mama hakunifundisha.
"Basi," anasema. "Nimeliona."

Kisha, badala ya kuninyoosha,
ananikunja.
Kichwa changu anakipeleka kulekule kilikozoea kuinamia,
kukwepa gunia,
zaidi kidogo, zaidi kidogo,
hadi maumivu yanakosa pa kukaa.
Anahesabu kimyakimya. Sekunde tisini.
Mashine inasaga mahindi ya mtu.
Nami nawaza lori la Sanga lilivyozama Isyonje, masika yale:
tulisukuma mbele, mbele, mpaka magoti yakatuisha,
ndipo utingo, mtoto wa juzi, akasema
liacheni kwanza lirudi nyuma, linakotaka.

Likatoka.

"Sasa nisukume," anasema, kiganja juu ya sikio langu,
"kwa nguvu ya kufukuza nzi, si ya kupakia."
Nasukuma. "Acha. Pumua."
Na katika upenyo ule mdogo, pumzi ikiisha,
shingo inasogea yenyewe,
upana wa punje ya ulezi,
hadi mahali ambapo haijafika
tangu kitinda mimba wangu azaliwe.

Sijapona, msije mkanisifia.
Kaniambia nirudi Alhamisi, na niachane na lumbesa.
La kwanza nitalitimiza.

Jioni nilimkuta Tupokigwe akichambua maharage
kwa mkono mmoja,
wa pili ukisugua nyonga, kama kila siku,
kama saa ya ukutani ambayo hatuisikii tena.
Nikainamia jiko la mkaa,
nikaviota viganja mpaka vikaiva.
Kisha nikamuuliza, mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo:
wapi?

Akanitazama kama mlevi.
Akaweka ungo chini.
Akanionyesha.