Siki ya Matufaha

Karatasi ilirudi nami kutoka shule
imekunjwa mara nne, imelowa pembeni,
maana Chiloé mvua haibishi hodi.
"Kichwani mwa binti yako mna wageni,"
aliandika mwalimu Rigoberto kwa adabu,
kana kwamba tungewaandalia chai.

Mama aliisoma akiwa bado na buti za kiwanda,
magamba ya samoni yakimetameta kwenye kiwiko.
Hakufoka. Aliisoma tena,
akajikuna. Nikajikuna.
Paka naye akajikuna.

Chini ya ngazi kulikuwa na dumu la siki
ya matufaha ya mwaka juzi, yale machachu
yaliyoanguka kabla hatujayahurumia.
Akaipasha moto juu ya kuni mbichi zinazolia,
akatia kijiti cha rozmari, akatia kingine,
maana mkono wake haukujua kupima,
nyumba nzima ikanuka achari.

Nikaketi kwenye kigoda, taulo mabegani.
Siki ilipopoa akachovya vidole,
nikasikia sauti nisiyowahi kuisikia kwake:
mtu amevuta pumzi
akasahau kuirudisha.

Nikageuka.
Ngozi ilikuwa imepasuka kwenye vifundo,
na katikati ya vidole ukurutu umetambaa
kama kuvu juu ya mkate.
Klorini, akasema. Na maji ya barafu.
Na glovu zinazovuja, na msimamizi asiyeona.
Miaka sita.
Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye,
na sikuwa nimeitazama mikono ile.

Dirishani palikuwa na kopo la jirani yetu Otilia:
shahamu ya kondoo iliyoyeyushwa polepole
pamoja na majani ya matiko kutoka kwenye ua wake,
maua ya kalendula, na nta kidogo ili ishikamane.
Tulikuwa tunawapaka kondoo jike chuchu zikichubuka.
"Hiyo ni ya mifugo," mama akasema.
"Na wewe unafanya kazi ya nini?" nikajibu,
nikangoja kofi.
Halikuja. Alicheka mpaka kigoda kikalia.

Nikaosha ile mikono kwa maji ya uvuguvugu,
nikaikausha kwa kugusagusa, bila kusugua,
kama Otilia alivyotufundisha kwa kondoo.
Nikapaka. Nikapaka tena palipopasuka.
Nikamvisha soksi za marehemu babu, moja kila mkono,
akakaa mbele yangu kama bondia aliyeshindwa.

Basi nani angechana?
Nikainama juu ya beseni, nikajimwagia mwenyewe,
nikapitisha kitana cha meno membamba
kutoka shinani hadi ncha, shinani hadi ncha,
yeye akiniongoza kwa soksi:
kushoto, nyuma ya sikio, hapo penye joto,
huyo, huyo, anakimbia!

Nilimpata. Mnene, rangi ya chai.
Nikambana kwa kidole gumba juu ya meza.
Aliteleza. Nikambana tena. Akateleza tena.
Mama akavua soksi moja kwa meno,
akaleta gumba lake lenye mafuta
ukucha kwa ukucha na langu.
Tk.

Siki haikuua hata mmoja, na niseme ukweli.
Ililegeza tu gundi ya mayai kwenye unywele;
kazi iliyobaki ilikuwa ya kitana na subira,
jioni kumi na nne, siku moja tukaruka
kwa sababu umeme ulikatika na tulikuwa na usingizi.
Mikono ya mama ilichukua muda mrefu zaidi.
Ilipona Jumapili, ikapasuka Alhamisi,
hadi mwaka aliokiacha kiwanda.

Sasa binti yangu Yasna anasoma shule ileile.
Kila Jumamosi namketisha penye mwanga,
nafungua nywele, nazikagua, nazisuka kwa kuzibana,
natia tone la lavenda nyuma ya masikio.
Sijui kama chawa wanaichukia
au ni mimi tu ninayeipenda.

Mama husogeza kiti chake karibu.
Haulizi kitu.
Huweka gumba lake juu ya meza,
anangoja.