Injini Haijui

Kabla ya kunifungia mlango, Hedley Tulk
aliligonga bati la ubavuni kwa kifundo cha kidole
kama anayebisha hodi kwa jirani aliyemkosea, akasema:
"Verna, injini haijui ipo juu ya nini.
Wewe ndiye unayejua. Usiiambie."

Goose Bay, alfajiri, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Viti vitatu vimeng'olewa; mahali pake pipa la petroli
limefungwa mikanda kama abiria mnene asiyesema,
ila harufu yake imenikalia kichwani tangu juzi.
Suti ya mpira, rangi ya chungwa, imenikaba shingo.
Ndani yake soksi mbilimbili na nepi ya watu wazima.
Sioni haya. Saa sita hewani si mchezo,
na bahari haina choo.

Mnunuzi ni daktari wa meno karibu na Inverness.
Atairusha Jumapili juu ya mashamba ya shayiri,
mbwa wake kiti cha nyuma.
Hatajua kuwa ndege yake iliwahi kuogopa.
Au ni mimi.

Kwanza misonobari, na maziwa yaliyoganda,
meupe kama macho ya samaki wa jana.
Kisha ukingo.
Kisha hakuna.

Sisi wa kazi hii tunalijua jambo moja:
pwani ikishapotea nyuma ya mkia, injini hubadili sauti.
Unasikia pistoni ya tatu ikikwaruza,
unasikia kitu kimelegea, unasikia kikohozi.
Unazitazama geji: mafuta sawa, joto sawa, oili sawa.
Masikio ndiyo yaliyoingia maji.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa.
Hawakuyajua maji haya.
Haya hayakupi nafasi ya kutapatapa:
dakika ya kwanza huchukua pumzi,
ya kumi, vidole,
kisha hukuuliza jina lako
na huna.

Juu sana, futi elfu thelathini na saba,
inapita ndege kubwa, watu mia tatu wanakula kuku kwa uma.
Redio yangu haifiki popote,
hivyo rubani wake ananipokelea salamu zangu:
mahali nilipo, mwendo wangu, mafuta yaliyobaki.
Akimaliza, haondoki hewani.
"Uko peke yako huko chini?"
"Niko na pipa."
Anacheka. Anasema mkewe kajifungua Jumanne,
mtoto wa kike, kilo tatu na kitu, hawajampa jina.
Kwa nini ananiambia mimi?
Labda aliye chini vile, juu ya barafu,
si mtu kamili; ni shimo la kunong'onezea.
Nikampa hongera. Nikamwambia
wasimpe jina la bahari.

Nilikuwa bado natabasamu
nilipochelewa kugeuza vali ya pipa.

Injini ikanyamaza.

Pangaboi lilizunguka kwa upepo tu, kwa mazoea,
kama mdomo wa mtu anayesali usingizini.
Niliisikia saa yangu ya mkononi.
Nikageuza, nikabonyeza pampu, na kwa sauti,
Hedley anisamehe, nikaiambia:
"Ni maji. Chini ni maji. Hakuna kingine, ni maji. Waka!"

Ikawaka.

Saa ya sita milima ya Grinilandi ikatoa meno,
nikaifuata hori hadi ndani,
vipande vya barafu ya buluu vikielea chini yangu
kama makabati ya nyumba iliyofurika.

Aqqaluk, kijana wa mafuta pale Narsarsuaq,
alinishusha kwa kunishika makwapani;
miguu haikuwa yangu.
Akanipa kahawa, na samaki mkavu mgumu kama ukanda.
Kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini,
akakiacha hapo.
"Inatetemeka," alisema.
"Nimeshaizima."
"Najua."

Kesho ni Aislandi, maji mengine.
Na sasa tupo wawili tunaojua.