Matangazo ya Ijumaa

Gwaride limenyooka, jua la Changamwe limeshatukalia mabegani.
Sista Pasilika afungua daftari la mraba:
Gredi ya Sita wamewafunga Chaani, mbili kwa nunge.
Mfereji haujapona; kila mtoto na chupa yake.
Mamake Zuhura kajifungua mapacha. Makofi!
Na Zuhura, aliyefunga, acheka hadi koo lamkauka.
Anayemringia kwa kikombe cha uji, asema Sista,
akumbuke Bwana naye alifunga,
tena siku arubaini.

Kisha ashusha miwani.
Kisanduku cha Mtakatifu Antoni kimerudishiwa mia mbili,
na hiki kijikaratasi. Akiinua juu:
*niliazima tu.*
"Asante. Hatutamtafuta."

Kimya. Kila mtu na viatu vyake.
Hata bawabu Mwakio kaacha kuchezea funguo.

Mimi naijua ile zedi inayotazama nyuma.
Mihula mitatu naizungushia wino mwekundu,
naandika pembeni: *geuza, geuza.*
Leo madaftari yakifika mezani
nitaipita taratibu,
kama mtu ampitaye jirani
aliyemkuta akisali.