Uzi Nambari 4,117

Kiryu, mwezi wa pili. Theluji ya jana imekuwa tope
kwenye ngazi za kiwanda kilichokuwa kikifuma mikanda ya kimono.
Vitanda vya mfumi viliuzwa kwa kilo. Paa limebaki,
na chini ya paa hilo mimi, Hanawa Chigusa,
nakata nyuzi kwa mshahara.

Ndiyo, kukata. Kusokota wanasokota wengine.
Mimi naubana uzi kwa tone la gundi kila ncha,
naiambia mashine: vuta.
Kisha naandika ulikokatikia.

Wageni huuliza habari za lifti:
itapanda siku ngapi, itakuwa na dirisha?
Bwana Kuwabara wa makao makuu huwachorea ubaoni
mstari kutoka bahari ya ikweta, kilomita elfu thelathini na sita,
halafu anauendeleza, maana lazima kitu kizito kikae ng'ambo
kikivutwa nje kama jiwe kwenye teo,
ili kamba isituangukie.
Chaki humwishia kabla ya kamba. Hucheka. Kila mara hucheka pale pale.

Hasemi kwamba chuma, ukikining'iniza toka juu hivyo,
hujikata kwa uzito wake kabla ya kilomita mia.
Bila mzigo, bila abiria. Kamba tu, imejichosha.
Kamba hukatikia pembamba, walisema wahenga.
Hii ingekatikia huko juu, inapovutwa na pande mbili,
kwa hiyo tuinenepeshe tumbo, tuikondeshe miguu;
na kwa chuma, tumbo hilo lingeimeza dunia inayoibeba.

Ikabaki kaboni.
Mirija ambayo elfu tano, bega kwa bega,
haifikii unene wa unywele.
Mmoja peke yake hauna mfano.
Lakini ung'oke atomu moja, kama jino la mbele,
na nguvu zinapungua; na ukiikusanya iwe uzi
inateleza, kila mmoja laini mno kumshika mwenzake.
Mashujaa wasiojua kukaa pamoja.

Radi, taka za setilaiti, mwezi utakaoiyumbisha kamba:
hayo yana ofisi zake. Ya radi iko Osaka.
Mtaka cha mvunguni huinama. Na mtaka cha juu
huinama vilevile, saa tisa kwa siku, juu ya hadubini.

Jana usiku, saa tano na robo, nambari 4,117.
Namba zikapanda. Zikapita alama nyekundu. Zikafika
mahali ambapo hatujawahi kuhitaji alama.
Nikamwita Tsukioka; akaja na soksi, mswaki mdomoni.
Hatukusemezana.
Ulipokatika ulitoa mlio mdogo, kama ukucha.

Nikautazama.
Haukuwa uzi. Zilikuwa nyuzi mbili,
zimesokotana tangu tanurini.
Tsukioka akaenda kutema povu.

Asubuhi nilimsimulia mama, akimenya chenza mbele ya hita.
Ujanani alifungua hariri kwenye maji ya moto;
vidole vyake mpaka leo havisikii kikombe.
"Pacha," akasema. "Viwavi wawili, kifukofuko kimoja.
Tulivitupa kapu la pembeni. Havifunguki vizuri."
"Na cha kiwavi mmoja, uzi wake urefu gani?"
"Kilomita na ushei. Wenu?"
"Sentimita arobaini na moja."
Akanipa kipande cha chenza.

Nimerudi kazini. Nimeigawanya nguvu ile kwa mbili, ndiyo kanuni.
Ingelingana na nyuzi za kila siku, ningefunga faili.
Imezidi kidogo. Nimerudia kwa mkono, kwenye karatasi; imezidi.
Huenda ni kosa la mizani. Huenda ni pale zilipokabana.
Nimeiandika kwa penseli, pembeni,
kisha nikatia gundi 4,118.